Kugusana, Kukatana, Kupishana

Pale Tazara, Dar es Salaam, Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela zilikuwa zikikatana. Tangu Septemba 2018, lilipozinduliwa daraja la juu la Mfugale, zinapishana. Kwenye karatasi bado ni mistari miwili iliyolala msalaba, na ramani isiyo na kimo itakwambia zinakatana. Lakini gari linalonyoosha kutoka Uwanja wa Ndege kwenda mjini linapita juu, lori la Mandela linapita chini, na kati yao kuna hewa tupu. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja ya hali hizo mbili, na hakuna dereva wa daladala anayezichanganya.

Kuna kazi ya kompyuta ambayo yote ni kuuliza swali hilo, mara mamilioni kwa mamilioni: je, vitu hivi viwili vinakutana, na kama vinakutana, vinakutana vipi? Mhandisi anayetaka kujua kama nguzo ya daraja itabeba mzigo wake hulikatakata umbo lake, ndani ya kompyuta, kuwa pembetatu na piramidi ndogo ndogo, kisha hukokotoa nguvu zinavyopita kutoka kipande hadi kipande. Kabla hajakokotoa chochote, programu lazima ihakikishe kwamba hakuna kipande kilichopenya kingine. Ikipita pembetatu moja tu iliyochoma jirani yake, hesabu yote inayofuata ni ya kitu kisichoweza kuwepo duniani.

Kazi hiyo haijapata jina la Kiswahili lililokubalika. Vijana wahandisi ninaowasikia hapa Msasani husema "meshi imegoma", meshi ikiwa ule mkusanyiko wa vipande, na mazungumzo yanaendelea kwa lugha nyingine. Nasikitika kila nikisikia hivyo, kwa sababu mtu huyo huyo, akirudi nyumbani akamkuta jirani amejenga ukuta, atakueleza kwa ufasaha mkubwa kama ukuta umegusa wa kwake, umeingia kwake, au umepita tu kando. Maneno anayo. Ameyaacha mlangoni alipoingia kidato cha kwanza, pale ambapo pembetatu, kipenyo na mzingo alivyofundishwa miaka saba ya shule ya msingi vilibadilishiwa majina kwa siku moja.

Tuanze na kiambishi. Wanasarufi wana kauli wanayoiita ya kutendana, na alama yake ni -an-: piga, pigana, gusa, gusana, kata, katana, acha, achana. Tumezoea kuifikiria kama kauli ya watu, ya kupendana na kusalimiana. Lakini iangalie kwa jicho la hisabati. Ukisema "pembetatu hizi mbili zinagusana", hukusema ipi imeanza. Sentensi haina mtenda wala mtendwa; zote mbili zimekaa pamoja kwenye kiti cha kiima. Hisabati nayo inautambua uhusiano wa namna hiyo: ukiwa kweli kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, ni lazima uwe kweli kutoka kwa wa pili kwenda kwa wa kwanza. Baadhi ya lugha zinahitaji fungu la maneno kulisema jambo hilo. Kiswahili kinalisema kwa silabi moja.

Na pale ambapo uhusiano hauna pande mbili sawa, Kiswahili kinakataa kiambishi hicho. Pembetatu ndogo ikiwa imekaa yote ndani ya kubwa, huwezi kusema "zinamezana". Kubwa imemeza, ndogo imemezwa. Ndogo imo, kubwa haimo. Sarufi yenyewe inakulazimisha useme nani yuko wapi. Kisha kuna kiambishi kingine, -ji-, kwa balaa jingine linalowaudhi sana watu wa programu hizi: sura moja iliyojikunja mpaka ikajipenya yenyewe, kama mpaka wa kiwanja uliochorwa vibaya ukatoka na umbo la namba nane. Hapo sura haijakatana na kitu. Imejikata. Mtoto aliyeshika kisu anaujua msemo huo.

Nikizipanga hali zote, naona hivi. Vitu viwili visivyo na nukta hata moja ya pamoja vimeachana. Vikishiriki mpaka tu, bila ya ndani ya kimoja kuingia ndani ya kingine, vinagusana. Mstari ukipita katika mwingine na kutokea upande wa pili, mistari hiyo inakatana. Maeneo mawili yakigawana sehemu na kila moja likabaki na sehemu yake, yanaingiliana. Yakilaliana sawasawa, pembe kwa pembe, yanalandana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Max Egenhofer na wenzake walitengeneza utaratibu wa kuyatambua haya yote kwa maswali tisa: chukua ndani, mpakani na nje ya kitu cha kwanza, vilinganishe na ndani, mpakani na nje ya kitu cha pili, na uone wapi panapatikana nukta za pamoja. Ndani, mpakani, nje. Nilipousoma utaratibu huo niliona umekuja ukiwa tayari na majina yake, kwa kuwa lugha inayobeba mahali ndani ya sarufi, kwa pa, ku na mu, haina shida na swali la aina hiyo.

Kupishana sikukuweka kwenye mpango huo kwa makusudi. Vitu vinavyopishana, kwa hesabu kali, vimeachana: hakuna nukta ya pamoja. Lakini ni kuachana kunakodanganya jicho, kwa sababu ukivitazama kutoka upande mmoja unaviona kama vinakatana. Mistari miwili iliyo hewani, isiyo sambamba na isiyokutana, inastahili jina hili kuliko jina lolote jingine nililowahi kusikia likipendekezwa. Mistari pishani. Mwanafunzi ataelewa kabla mwalimu hajachora.

Sasa, jina la kazi nzima liwe lipi? Wengi hukimbilia kukatana, kwa sababu shuleni tumezoea mistari inayokatana. Mimi nalipinga. Kukatana ni hali moja tu kati ya zile nilizozitaja, na ukiipa hali moja jina la ukoo mzima, hali nyingine zitapotea. Programu itaandika "zinakatana" juu ya pembetatu zilizogusana kwa ncha, na mhandisi atatafuta mkato usiokuwepo. Neno la ukoo ni kukutana. Vinavyogusana vimekutana, vinavyokatana vimekutana, vinavyoingiliana na kulandana vimekutana, hata kilichomezwa kimekutana na kilichokimeza. Kazi yenyewe basi ni upimaji wa kukutana. Najua makutano yamekwishachukuliwa na barabara na mikutano ya dini, lakini kitenzi bado ni mali ya wote.

Kuhusu ile meshi. Kwenye pwani ya Msasani wavuvi bado hukaa kivulini kushona nyavu, na kila sehemu ya wavu ina jina. Uwazi mmoja ni jicho, na wavu huitwa kwa ukubwa wa macho yake, kwa inchi. Pale nyuzi zinapofungwa ni fundo. Nyavu za macho madogo zinapigwa marufuku kwa sababu hazibagui, zinakokota hata vifaranga vya samaki. Mhandisi naye ana jambo hilo hilo kinyume chake: macho makubwa hupitisha asichotaka kukosa. Kwa hiyo nasema wavu, na ile nukta ambapo pembetatu zinakutana nasema fundo. Mtandao hapana, neno hilo limekwenda kwa intaneti na kampuni za simu, halirudi. Wavuti nalo limejitoa kwenye wavu na kuishi maisha yake, lakini halijamnyang'anya mvuvi neno lake, na halitamnyang'anya mhandisi.

Kipande kinachojaza jicho kimenisumbua zaidi. Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant aligawa umbo kuwa pembetatu ili akokotoe msokoto wa mhimili. Jina la mbinu hiyo lilikuja baadaye, mwaka 1960, alipolitoa mhandisi Ray Clough wa Marekani. Alichotaka kusema Clough ni kwamba vipande hivi vina ukubwa wa kweli, unaopimika, tofauti na vile visehemu vya hesabu za kalkulasi vinavyopunguzwa mpaka vinakaribia kutoweka. Ukitafsiri kwa haraka utapata "vipande vyenye kikomo", na msomaji atajiuliza kikomo gani, cha muda au cha idadi? Mbinu ya vipande inatosha. Neno kipande lina kovu, nalijua: wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge walibeba kadi iliyoitwa kipande, na Kenya hadi leo kitambulisho kinaitwa hivyo. Maneno yenye historia sijawahi kuyaogopa. Hapa hapa Msasani aliishi mtu aliyechukua mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice akauita, mwaka 1969, *Mabepari wa Venisi*. Mwalimu Nyerere hakushindwa kupata neno la mfanyabiashara. Alichagua hukumu.

Kwa nini kuhangaika na wavu wa kompyuta kiasi hiki? Tarehe 23 Agosti 1991, huko Norway, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A kilizama katika ghuba ya Gandsfjorden kikiwa kwenye majaribio. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilitajwa kuwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba pale kuta za matangi zilipoungana, vipande vya wavu vilikuwa vichache na umbo lao halikufaa, na hesabu ikapunguza nguvu ya kukata ukuta kwa asilimia 47. Zege lilijengwa jembamba na nondo hazikufika zilikohitajika. Hesabu yenyewe haikukosewa kujumlisha. Wavu ndio uliokuwa mbaya, nao ulikuwa mbaya kwenye maungio, mahali ambapo maumbo yanakutana.

Nalikumbuka hilo ninapopita Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa Machi 2022, lenye urefu wa kilomita moja na ushei juu ya maji ya bahari, kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco. Daraja la Selander la mwaka 1929, jirani yake, lilisanifiwa kwa penseli na jedwali. La leo, lenye nyaya zilizonyooshwa kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye sitaha, halisanifiwi bila mbinu ya vipande. Kila waya unakoshikana na zege, wavu wa mhandisi lazima ushikane pia.

Na hapo ndipo upimaji wa kukutana unapokuwa kazi ya busara. Pembetatu mbili jirani katika wavu mzuri ni lazima zigusane. Zisipogusana, kuna ufa. Zikiingiliana, kuna vitu viwili mahali pamoja. Kwa hiyo programu haiwezi kupiga kelele kila inapoona nukta ya pamoja. Inatakiwa ijue mguso wa halali na mguso wa haramu. Mguso wa halali ni wa fundo kwa fundo, au ukingo mzima kwa ukingo mzima. Wa haramu ni pale ncha ya pembetatu moja inapokaa katikati ya ukingo wa nyingine, na hiyo nyingine haina habari. Kwa jicho, kila kitu kimeshikana. Kwa hesabu, nguvu ikifika pale haina pa kupita. Wahandisi wana jina la fundo la namna hiyo, kwamba linaning'inia. Mshona nyavu atakwambia jambo kamili zaidi: hilo ni fundo lisiloshika, limefunga uzi mmoja tu.

Upimaji wenyewe unakwendaje? Kwanza ni suala la wingi. Wavu wa pembetatu milioni moja una jozi karibu bilioni 500 za kuulizana. Kompyuta ikipima jozi milioni moja kila sekunde, itamaliza baada ya siku tano na saa kadhaa, na mhandisi anataka jibu kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila pembetatu hutiwa kwanza kwenye sanduku lake, sanduku lililonyooka sambamba na mihimili ya vipimo, kisha masanduku hutiwa ndani ya masanduku makubwa zaidi. Masanduku mawili makubwa yakiwa yameachana, vyote vilivyomo vimeachana, na maelfu ya maswali yamejibiwa kwa mkupuo. Tahadhari ni moja: masanduku kukutana hakusemi kwamba vilivyomo vimekutana. Sanduku ni la kukanusha tu.

Jozi zilizobaki ndizo zinazopimwa kwa uangalifu. Njia inayotumika sana ni ile aliyoichapisha mtafiti Tomas Möller mwaka 1997. Chukua bapa lote ambamo pembetatu ya pili imelala, lirefushe pande zote bila mwisho, kisha uulize kila ncha ya pembetatu ya kwanza: uko upande gani? Ncha tatu zikiwa upande mmoja, zimeachana, kazi imekwisha. Ncha zikigawanyika, geuza swali, uliza upande wa pili. Ikiwa zote mbili zimegawanyika, mabapa mawili yanakatana katika mstari mmoja, na kila pembetatu inashika kipande cha mstari huo. Vipande hivyo viwili vikikutana, pembetatu zimekutana. Vikiwa vimeachana katika mstari, kimoja huku na kingine kule, pembetatu nazo zimeachana. Na ncha zote tatu zikikutwa juu ya bapa lenyewe, pembetatu ziko kwenye bapa moja, na swali linarudi kuwa la karatasi.

Neno linalobeba yote hayo ni upande. Jibu la kompyuta ni namba, nayo inaweza kuwa chanya, hasi au sifuri: upande huu, upande ule, au juu ya mpaka. Chanya na hasi hazina matatizo. Sifuri ndiyo yenye matatizo, kwa kuwa sifuri ndiyo kugusana, na kompyuta haina uhakika na sifuri.

Hapa Msasani tunaweza kulipima jambo hili kwa namba zetu wenyewe. Katika majiranukta ya wapima ardhi, eneo letu liko kwenye ukanda wa 37 kusini, na ikweta imepewa namba 10,000,000 ili sisi wa kusini tusiandike namba hasi. Kwa hiyo kiwanja cha Msasani, kwa upande wa kaskazini na kusini, kinasoma mita 9,250,000 na ushei, na kwa mashariki na magharibi mita 530,000 hivi. Programu nyingi za michoro huhifadhi namba katika biti 32. Kwa ukubwa wa namba ya kwanza, biti 32 zinaruka mita nzima kwa hatua moja: kati ya mita moja na inayofuata hakuna namba nyingine. Kwa namba ya pili hatua ni sentimita 6.25. Maana yake ni kwamba ukuta wa tofali la inchi sita, uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi, unene wake hauna mahali pa kuandikwa. Uso wa ndani na uso wa nje vitaangukia namba moja na kulandana, au vitaangukia namba mbili na ukuta utakuwa wa mita. Wavu wowote utakaosukwa juu ya namba hizo utajaa pembetatu zilizolaliana, na programu ikikataa haitakuwa na kosa.

Dawa yake ni nyepesi kwa anayejua: toa 9,250,000 kutoka kwenye kila namba ya kaskazini na kusini, na 530,000 kutoka kwenye kila namba ya mashariki na magharibi, kabla ya kuanza, anza kuhesabu kutoka kona ya mtaa, na uzirudishe mwisho. Ukitumia biti 64 hatua inakuwa ndogo kuliko sehemu mbili za bilioni ya mita. Lakini hata hapo sifuri haijapona. Namba kama 0.1 haiandikiki kikamilifu katika biti, inakadiriwa; makadirio yakizidishwa na kutolewa, kilichotakiwa kuwa sifuri kinatoka chanya kidogo au hasi kidogo. Nukta iliyo mpakani inatangazwa kuwa ndani leo, na nje kesho, kutegemea mpangilio wa maswali.

Jambo lililonishtua zaidi nilipolielewa ni hili: kwa sababu ya makadirio, kompyuta inaweza kuulizwa kama pembetatu ya kwanza inakutana na ya pili ikajibu ndiyo, kisha ikaulizwa kama ya pili inakutana na ya kwanza ikajibu hapana. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haisemeki. Jaribu. "Hii inakutana na ile lakini ile haikutani na hii." Sikio linaikataa kabla ya akili. Kauli ya kutendana inaahidi kitu ambacho programu dhaifu haiwezi kutimiza, na mtu anayefikiri kwa kauli hiyo atatambua kwamba programu imeharibika, ilhali mtu mwingine angedhani ni pembetatu zenye utata. Mtafiti Jonathan Shewchuk, mwaka 1997, alionyesha namna ya kuitimiza ahadi hiyo bila kupoteza muda mwingi: kokotoa kwanza kwa njia ya haraka, pamoja na kiasi cha juu cha kosa linaloweza kuwepo. Jibu likiwa kubwa kuliko kosa, upande unajulikana, endelea. Likiwa dogo, rudia kwa tarakimu nyingi zaidi, na zaidi, mpaka upande ujulikane au sifuri ithibitike kuwa sifuri kweli. Jozi nyingi huamuliwa kwa hatua ya kwanza, na uangalifu mkubwa huwekwa kwa zile chache zilizo mpakani.

Wapima ardhi wetu walikwishafika kwenye tatizo hili kwa njia nyingine, na wakaliundia maneno. Kiwanja kilichopimwa juu ya kiwanja kilichokwishapimwa huitwa upimaji pandikizi. Ni istilahi bora. Imechukua kitenzi cha mkulima, kupandikiza, ikakigeuza kuwa onyo la kisheria, na kila aliyewahi kwenda kwenye baraza la ardhi anaielewa. Lakini angalia jinsi ilivyo tofauti na mwingiliano wa mipaka. Katika mwingiliano, viwanja viwili vimeingiana kidogo, labda kwa sababu ya jiwe la mpaka lililosogezwa au namba iliyokadiriwa. Katika pandikizi, kimoja kimekuja juu ya kingine, kuna aliyetangulia. Ndiyo maana neno halina -an-. Viwanja havipandikizani.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, uliwapeleka wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, kuchora nyumba na mifereji ya mitaa iliyokuwa tupu kwenye ramani. Nyumba za uswahilini ukizitazama kutoka angani, bati la moja hupita juu ya bati la jirani. Mchoraji anayefuata kingo za mabati atachora nyumba zinazoingiliana, na programu ya ukaguzi itamwekea alama nyekundu. Ukienda pale kwa miguu unakuta uchochoro kati ya kuta, mtu anapita na ndoo. Kuta zimeachana, mabati yanapishana. Kwa hesabu ya mafuriko tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa maji hupita uchochoroni. Msasani tuna mtaa unaoitwa Bonde la Mpunga, na jina lenyewe linasema maji hukaa wapi. Nyumba ikiwa imo ndani ya eneo la maji huhesabiwa, ikiwa imeachana nalo haihesabiwi, na ikigusana nalo tu, mtu fulani lazima aamue. Ni vizuri aliyeamua awe ameandika ameamua nini.

Kuna wanaosema istilahi kama hizi hazitakwenda popote, kwamba watu watabaki na meshi kama walivyobaki na kompyuta, ingawa Kenya wana tarakilishi. Huenda. Meshi ikishinda nitaiandika meshi bila kinyongo, mradi kukutana na kugusana vibaki na maana zake. Lakini nakumbuka neno kikokotoo. Lilikuwa neno la vitabu vya hesabu mpaka mwaka 2018, kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu ilipobadilishwa. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa kwenye kila kijiwe cha kahawa, na bibi asiyejua kalkulasi alikuwa akilijadili kwa hasira na kwa usahihi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967 na limesanifu maneno mengi mno. Yanayoshika ni yale ambayo jambo lake limemfikia mtu. Daraja, mpaka wa kiwanja na maji ya mvua vimetufikia.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha, nalo ni lile pengo dogo ambalo programu hulichukulia kuwa si pengo. Ncha mbili zikiwa mbali kwa nywele moja, ziunganishwe ziwe fundo moja au ziachwe? Kila programu ina kiwango chake, na kuna wanaokiita uvumilivu. Uvumilivu ni sifa ya moyo, na sipendi kuupa mashine. Pengo linalosameheka ni refu, ila linasema ukweli: pengo lipo, limesamehewa, na kuna aliyesamehe. Aliyeweka kiwango cha milimita kumi kwenye msingi wa nyumba hajakosea. Aliyekiweka kwenye kiungo cha waya wa daraja aulizwe.

Kwa sasa natumia jina hilo. Na kama programu ingeandika makosa yake kwa lugha hii, isingemwambia mtu kwamba wavu ni batili na kumwacha hapo. Ingesema: pembetatu ya 4112 na ya 9870 zinagusana pasipo fundo, sura ya 12 imejikata karibu na ukingo wa mashariki, nondo ya 3 na ya 7 zinapishana kwa milimita mbili, hazikutani. Fundi akisoma la kwanza atafunga fundo. La pili litamrudisha kwenye mchoro. La tatu ataliacha kama lilivyo.